Hoteli ndogo ya familia kando ya bahari Ugiriki: mwongozo kamili, tangu kuomba viza hadi kurudisha ufunguo

Katika pwani na visiwa vya Ugiriki, sehemu kubwa ya hoteli ni mali ya familia. Ni jengo la ghorofa mbili au tatu, lenye vyumba kumi hadi ishirini na kitu, na wenyewe wanaishi humohumo au nyumba ya pili. Bibi anapika kifungua kinywa, baba anakwenda kupokea samaki kwa wavuvi alfajiri, binti anakaa mapokezi na kujibu barua pepe, na mjomba ndiye anayekuja kukuchukua bandarini. Katika visiwa vingi husimuliwa kwamba zamani ardhi ya ufukweni ilikuwa haithaminiwi kwa kuwa hailimiki, ikaachiwa mabinti kama mahari yao, na watalii walipoanza kumiminika ndiyo ikageuka kuwa urithi mnono kuliko mashamba ya juu.

Nasema haya mapema kwa sababu hoteli ya aina hii haichaguliwi kama hoteli kubwa. Kwenye hoteli kubwa unanunua chumba. Hapa unakwenda kukaa kwa watu, na kitakachoamua ukae vizuri au vibaya ni mazungumzo yako na mwenye nyumba: ulimuuliza nini kabla ya kulipa, ulimweleza nini kuhusu watu wako, na mliishi vipi mlipofika.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua mahali

Hoteli hizi hufunguliwa kuanzia Pasaka ya Kiorthodoksi au mwanzoni mwa Mei, na hufungwa mwishoni mwa Oktoba. Majira ya baridi familia inavuna zeituni, inapaka rangi, inatengeneza mabomba. Ukiandika Januari kuomba chumba cha Februari, huenda usijibiwe kabisa. Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti (mwaka 2027 itakuwa Mei 2), na wiki hiyo Wagiriki wenyewe hurudi vijijini kwao, kwa hiyo vyumba huwa vya kugombea.

Julai na Agosti ni joto kali, linaloweza kufika nyuzi 35 na zaidi, na bei ziko juu. Wiki inayozunguka Agosti 15, sikukuu ya Bikira Maria, ndiyo ngumu kuliko zote: meli zimejaa, vyumba vimejaa, na kisiwa cha Tinos hufurika mahujaji. Miezi hiyohiyo kwenye Bahari ya Aegean huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaoweza kuchukua siku kadhaa mfululizo huku mbingu ni nyeupe pee. Ukizidi, boti za kasi husimamishwa, wakati mwingine hata meli kubwa.

Mei kuna maua na utulivu, lakini maji yako kwenye nyuzi 19 au 20. Kwa mtu aliyezoea kuogelea Nungwi au Diani, hiyo ni baridi ya kukata pumzi. Mimi natetea Septemba bila kusita. Bahari imekwisha kupashwa na jua la kiangazi kizima, meltemi imelegea, watoto wa Ulaya wamerudi shule, na wenye hoteli wana nafasi ya kukaa nawe na kikombe cha kahawa. Kwa Septemba, chumba cha kawaida cha watu wawili katika hoteli ya familia kwa kawaida hupatikana kati ya euro 50 na 90 kwa usiku. Agosti chumba hichohicho hupanda sana.

Hatua ya pili: mahali

Santorini na Mykonos ndizo picha ambazo kila mtu amekwisha kuziona, na bei zake zinalingana na umaarufu huo. Zipo hoteli za familia huko pia, lakini kwa safari ya kwanza mimi ningezipita.

Anayeogopa meli aende Tolo, kijiji cha Argolis upande wa Peloponnese. Ufukwe wake ni mrefu, wa mchanga, kina ni kifupi kwa watoto, na hoteli ndogo zimepangana hadi kwenye mchanga wenyewe. Unapanda basi la KTEL (mabasi ya mikoani) kutoka kituo cha Kifissos, Athens, hadi Nafplio, kisha basi jingine fupi. Nafplio ulikuwa makao makuu ya Ugiriki huru hadi 1834 serikali ilipohamia Athens, na mji wake wa zamani unatosha siku nzima. Ukiwa hapo, ukumbi wa maigizo wa Epidaurus, uliojengwa karne ya 4 kabla ya Kristo, na magofu ya Mycenae viko jirani.

Mwenye siku chache aende Aegina: kama saa moja na robo kwa meli ya kawaida kutoka Piraeus, bandari ya Athens, dakika 40 kwa boti ya kasi. Kisiwa cha wakulima wa pistachio, hakina makuu.

Naxos ni kwa mwenye wiki nzima na familia. Fukwe za Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka zimefuatana, na kisiwa chenyewe kinalima na kufuga, kwa hiyo viazi, jibini na nyama unavyowekewa mezani mara nyingi vimetoka shamba la ndugu wa mwenye hoteli. Meli ya kawaida kutoka Piraeus huchukua saa tano na kitu. Na kwa anayetaka kimya kabisa kuna Loutro, kusini mwa Krete: hakuna barabara ya gari, unafika kwa boti kutoka Chora Sfakion au kwa miguu. Loutro usimpeleke mtu mwenye shida ya magoti.

Hatua ya tatu: jua kama kweli ni ya familia

Kwa sheria za Ugiriki hoteli hupangwa kwa nyota, moja hadi tano, na vyumba vya kupangisha hupangwa kwa funguo, moja hadi nne. Ukiona kibao chenye alama ya funguo mbili au tatu, usidhani ni daraja la chini. Vyumba vingi vizuri vya familia viko kwenye kundi hilo.

Soma maoni ya wageni, lakini usihesabu nyota zao. Tafuta majina. Wageni wakiandika kwamba mama fulani aliwafungia keki ya safari, kwamba mtoto wake aliwapeleka zahanati, kwamba wanarudi kila mwaka, hapo kuna nyumba. Wakiandika kwamba walipewa namba za kufungulia mlango kwa simu na hawakumwona mtu, hilo ni jengo la kupangisha tu, hata kama tangazo limejaa maneno ya ukarimu. Angalia pia maoni ya miezi ya karibuni, maana mzee akifariki na watoto wakaikodisha hoteli kwa kampuni, jina hubaki lilelile.

Kisha fungua ramani ya setilaiti. "Hatua chache kutoka baharini" inaweza kuwa kweli na bado pakawa na barabara kuu katikati, au ngazi themanini za mawe. Picha za tangazo hazioneshi ngazi.

Hatua ya nne: mwandikie mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo safari inapotengenezwa. Mitandao ya kuweka nafasi huwakata wenye hoteli kamisheni ya asilimia 15 au zaidi. Ukiandika moja kwa moja, mara nyingi utapewa bei ndogo zaidi au chumba kizuri zaidi kwa bei ileile. Faida kubwa zaidi ni kwamba unaanza kujulikana. Andika kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi, au andika Kiswahili upitishe kwenye programu ya kutafsiri. Ujumbe uwe na uzito kama huu:

"Habari za kazi. Sisi ni watu wanne: mimi, mume wangu, mama yangu wa miaka 70 na mtoto wa miaka 6. Tungependa kukaa kuanzia Septemba 8 hadi 15. Mama hawezi ngazi nyingi, je, kuna chumba cha chini? Hatuli nguruwe na hatunywi pombe. Tunaomba viza, kwa hiyo tutahitaji barua ya uthibitisho. Viza isipotoka, mtaturudishia malipo ya awali? Na je, kuna mtu wa kutupokea bandarini?"

Mengine ya kuuliza: je, kitanda cha watu wawili ni kimoja au ni viwili vimesogezwa pamoja (hilo ni la kawaida sana huko), kiyoyozi kimo kwenye bei, chai ya asubuhi imo, dirisha linatazama wapi, bahari au ua wa nyuma, usiku kuna muziki wa baa jirani. Maswali haya hayawaudhi. Mwenye hoteli ambaye hujibu kwa ukamilifu kabla hujalipa ndiye atakayekujibu ukipata shida saa nane za usiku. Anayejibu neno moja moja, achana naye.

Arbuni huwa usiku mmoja au theluthi hivi ya bei. Ukiambiwa utume benki, hakikisha jina la akaunti linalingana na jina la hoteli au la mwenye leseni, na piga simu uongee na mtu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, usitegemee namba uliyotumiwa kwenye barua pepe tu. Ikiwa ni mara yako ya kwanza kuomba viza ya Ulaya na huna uhakika, weka nafasi inayoweza kufutwa bure kupitia mtandao, kisha mwandikie mwenye hoteli ujitambulishe. Hapo ningelipa hiyo kamisheni kwa moyo mmoja.

Uliza pia kuhusu kodi ya serikali ya mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona. Tangu 2025, kwa miezi ya Aprili hadi Oktoba, hutozwa kwa kila chumba kwa kila usiku: euro 2 kwa hoteli ya nyota moja au mbili na kwa vyumba vya kupangisha, euro 5 kwa nyota tatu, euro 10 kwa nyota nne, euro 15 kwa nyota tano. Hulipwa hotelini. Ukitozwa, hujaibiwa.

Hatua ya tano: viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kwa msimu wa kiangazi usingoje hizo siku 15. Miadi yenyewe huwa adimu, anza miezi mitatu au minne mapema. Ubalozi wa Ugiriki upo Nairobi. Kama unaishi nchi nyingine, angalia kwanza ni ofisi ipi inayopokea maombi ya nchi yako kabla hujalipa chochote.

Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ukipitia nchi mbili, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi.

Barua ya hoteli ndiyo inayowakwamisha wanaokwenda kwa familia, maana mwenye hoteli anaweza kukutumia mistari miwili kwenye simu akadhani inatosha. Mwombe iwe na jina na anwani kamili ya hoteli, namba ya leseni, simu, majina ya wageni wote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuingia na kutoka, bei, na kiasi kilicholipwa. Na iwe na sahihi au muhuri.

Walio ughaibuni: ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi, Sweden, Norway au nchi nyingine ya Schengen, unaingia Ugiriki kwa kibali hicho na pasipoti yako, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Kibali cha Uingereza hakikupi nafasi hiyo. Lazima uombe viza.

Hatua ya sita: kufika

Kutoka Afrika Mashariki wengi hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul hadi uwanja wa Eleftherios Venizelos, Athens. Mpakani utachukuliwa picha ya uso na kukaguliwa alama za vidole, kwa mfumo mpya wa Ulaya ulioanza Oktoba 2025, kwa hiyo usipange meli ya saa mbili baada ya ndege kutua.

Toka uwanjani, treni ya metro ya mstari wa bluu inakwenda moja kwa moja hadi bandari ya Piraeus. Tiketi ya uwanja wa ndege ni euro 9. Basi X96 hukimbia usiku na mchana kwenda Piraeus pia. Bandari hiyo ni kubwa sana na ina mageti mengi yaliyotawanyika, kwa hiyo tazama namba ya geti kwenye tiketi kabla hujatoka kituoni. Fika saa moja kabla. Meli za Ugiriki hazimngoji mtu, mlango hufungwa palepale. Mabegi makubwa huachwa kwenye rafu za chini, karibu na magari. Pasipoti, dawa na fedha panda navyo juu.

Anayetapika baharini achague meli kubwa ya kawaida. Ni ya polepole na rahisi zaidi, ina sitaha ya wazi, haichezi kama boti ya kasi. Siku ya kurudi, usiunganishe meli na ndege siku moja. Lala Athens usiku wa mwisho. Upepo au mgomo wa mabaharia ukizuia meli, nauli ya meli utarudishiwa, lakini ndege itakuwa imekwenda.

Mtumie mwenye hoteli jina la meli na saa ya kufika. Anaijua meli hiyo, na ikichelewa atajua kabla yako.

Hatua ya saba: siku ya kwanza chumbani

Kuingia ni kuanzia saa nane mchana kwa kawaida. Pasipoti itaombwa iandikishwe, ni sheria. Ukifika mapema, hata kama chumba hakijawa tayari, utawekewa mizigo na kuletewa maji au kahawa. Usikatae. Kaa. Dakika hizo kumi ndizo za kuuliza mambo haya.

Karatasi ya chooni haitupwi kwenye choo. Mabomba ya majitaka ya sehemu nyingi Ugiriki ni membamba na huziba, na kwenye nyumba ya familia atakayekuja kuzibua ni mwenye nyumba mwenyewe. Kuna ndoo yenye kifuniko kando, na husafishwa kila siku. Aliyezoea kutawadha kwa maji apande na chupa yake ya kutawadhia, maana bomba la mkono karibu na choo si la kawaida.

Maji ya moto hutoka kwenye tangi la jua juu ya paa. Wageni wote wakioga saa moja jioni, wa mwisho anapata vuguvugu. Siku ya mawingu kuna swichi ya umeme, uliza iko wapi na izimwe lini. Visiwani maji ni mali adimu, na vingine huyapata kwa kusafisha chumvi ya maji ya bahari. Athens unaweza kunywa ya bomba. Kisiwani muulize mwenyeji kwanza, visiwa vingi watu hununua ya chupa.

Umeme ni volti 230 na soketi ni za matundu mawili ya duara. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii, nunua adapta nyumbani. Taulo za chumbani zisiende ufukweni. Kiyoyozi kizimwe ukifungua mlango wa baraza. Miguu ioshwe mchanga kwenye bomba la nje kabla ya kupanda ngazi, na hilo litakuongezea heshima kuliko bakshishi.

Kwa Waislamu: kibla huko ni kusini-mashariki. Mtu wa Mombasa au Dar aliyezoea kuelekea karibu kaskazini ajihadhari, mazoea yatampotosha. Juni jua hutua karibu saa tatu kasorobo usiku, panga Magharibi na Isha zako mapema.

Meza yao

Mnamo saa mbili hadi nne asubuhi kuna mkate, mayai, nyanya, zeituni, mtindi mzito na asali, na pengine pai ya jibini ya bibi. Chai ya maziwa usiitegemee. Beba majani yako na tangawizi, omba maziwa ya moto, watakuchemshia kwa furaha na watataka kuonja. Kahawa ya Kigiriki huchemshwa pamoja na sukari, kwa hivyo unasema kabla: *sketo* bila sukari, *metrio* kiasi, *gliko* tamu. Masimbi yaliyobaki chini hayanywewi.

Chakula cha usiku huanza saa tatu. Mkate huletwa bila kuagizwa na hulipiwa kidogo. Sahani huwekwa katikati, kila mtu anachota, na hapo mtu wa kwetu anajiona nyumbani. Bili hailetwi mpaka uiombe, kwa kuwa kukuletea mapema ni kama kukufukuza. Kwa mlo wa kawaida kwenye taverna, yaani mgahawa wa kienyeji, weka euro 15 hadi 25 kwa mtu.

Samaki wabichi huuzwa kwa kilo. Nenda uchague, apimwe mbele yako, utajiwe bei kabla hajaingia jikoni. Samaki wa barafu lazima waoneshwe kwenye menyu, mara nyingi kwa kinyota. Pweza utamkuta ameanikwa juani kwenye kamba kabla ya kuchomwa, na ni mtamu kweli.

Souvlaki (mishikaki yao) na gyros (nyama ya kuchomwa kwenye mti unaozunguka) mara nyingi ni nguruwe, hata pale menyu isiposema. Uliza kuku. Nyama ya halali visiwani ni vigumu kuipata, isipokuwa Kos na Rhodes ambako kuna jamii za Waislamu wenyeji. Kwingine tegemea samaki na vyakula vya *ladera*: bamia, maharage mabichi, biringanya, vilivyopikwa kwa mafuta ya zeituni na nyanya. Neno la kujua ni *nistisimo*, chakula cha mfungo wa Kiorthodoksi, kisicho na nyama, maziwa wala mayai.

Mwisho wa mlo utaletewa kitu hukuagiza: tikiti maji, matunda yaliyopikwa kwa sukari, au kijiglasi cha pombe kali. Ni takrima ya mwenye nyumba, haimo kwenye bili. Kama hunywi, weka mkono kifuani, sema *efharisto* (asante), eleza kwamba hunywi pombe. Hakuna atakayenuna, na mara nyingi kijiko cha kitu kitamu hufuata.

Bahari yenyewe

Fukwe zote Ugiriki ni za umma kwa sheria. Viti vya kujilaza na miavuli hulipiwa, lakini mchanga ulio wazi ni wa kila mtu, tandika kanga yako ukae. Hoteli nyingine huwapa wageni wao viti bure, au kwa kuagiza kinywaji tu. Kwenye miamba kuna viumbe weusi wa miiba mirefu, vaa viatu vya majini. Meltemi ikivuma, muulize mwenyeji ufukwe upi wa kusini umekingwa. Atakutajia mara moja, na huo ndio ufukwe anaokwenda na watoto wake.

Kuishi nao

Saa tisa alasiri hadi kumi na moja na nusu jioni wakati wa kiangazi ni saa za utulivu kisheria, kisha tena kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Familia imeamka alfajiri, mchana inalala. Kama una ombi lisilo la dharura, lingoje.

Mtu mzima huitwa *kiria* akiwa mama na *kirie* akiwa baba, kisha jina la kwanza, kama tunavyotanguliza Bi na Bwana. Salimia kila unapopita: *kalimera* asubuhi, *kalispera* jioni. Matamshi hayatakusumbua, Kigiriki cha leo kina irabu tano kama Kiswahili. Lakini angalia: *ne* ni ndiyo, na kichwa kinachoinuliwa juu pamoja na mlio mdogo wa ulimi ni hapana.

Mtu mweusi kijijini ataulizwa anatoka wapi, tena zaidi ya mara moja. Jibu kwa upana. Wagiriki walilima mkonge na kahawa Tanganyika, walifanya biashara Katanga, na Kanisa la Kiorthodoksi lina waumini Kenya na Uganda chini ya Patriaki wa Alexandria. Si ajabu mzee mmoja mezani akawa na mjomba aliyeishi Arusha au Lubumbashi, na hapo jioni nzima inabadilika.

Zawadi ndogo kutoka nyumbani inafaa: kahawa ya Kilimanjaro, majani ya chai, karafuu. Mpe bibi, mkononi.

Fedha na dharura

Risiti ni haki yako. Kwenye menyu nyingi imeandikwa kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa. Kadi hupokelewa karibu kila mahali, lakini weka euro taslimu za siku mbili, kwani mashine ya kijiji inaweza kuishiwa Jumapili. Bakshishi ni hiari, asilimia tano hadi kumi inatosha, na kwa binti anayesafisha chumba mwachie yeye mwenyewe.

Namba ya dharura ni 112. Gari la wagonjwa ni 166, polisi 100, zimamoto 199, walinzi wa pwani 108, polisi wa watalii 1571. Kiangazi kuna moto wa nyika, na simu yako ikipiga kelele kali ghafla na ujumbe kutoka 112, mwoneshe mwenyeji papo hapo, fuata anachosema.

Siku ya kuondoka

Chumba hurudishwa saa tano asubuhi au karibu na hapo. Meli ikiwa ya jioni, omba kuacha mabegi na kuoga kabla ya kusafiri. Hoteli nyingi za familia zina bafu moja dogo kwa ajili hiyo. Lipia salio usiku uliotangulia, kwa sababu asubuhi mwenye hoteli yuko sokoni au bandarini akipokea wengine.

Kama ulifurahi, andika maoni yenye majina ya waliokuhudumia na ukweli wa ngazi, kelele na maji ya moto, ili mwingine mwenye mama wa miaka 70 ajue. Na kama unataka kurudi, sema kabla hujapanda gari, utaje namba ya chumba. Wenye hoteli wengi huanza kuandika daftari la mwakani palepale, na wageni wa kurudi ndio wanaopewa kwanza vyumba vya mbele.